Mamlaka ya Aliyetumwa: Mabishano juu ya Masihi Kutoka Kapernaumu Hadi Kalkedonia

Neno Masihi asili yake ni Kiebrania, na maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta. Katika Israeli ya kale mafuta ya mzeituni yalimiminwa kichwani mwa mtu aliyekabidhiwa kazi ya Mungu. Wafalme walipakwa, na ndivyo Samweli alivyomfanyia Sauli na baadaye Daudi. Makuhani walipakwa kuanzia Haruni, na Eliya aliagizwa ampake Elisha awe nabii mahali pake. Hata Koreshi, mfalme wa Uajemi ambaye hakumwabudu Mungu wa Israeli, anaitwa mpakwa mafuta katika kitabu cha Isaya, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuwafungulia Wayahudi njia ya kurudi kwao kutoka Babeli. Jina hili basi lilikuwa jina la kazi kabla ya kuwa jina la mtu, na aliyeitwa hivyo alipaswa kujulikana kwa mambo mawili: ametumwa na nani, na ametumwa kufanya nini. Wagiriki walilitafsiri kuwa Khristos. Kiswahili kimepokea yote mawili, Masihi kwa mlango wa Kiarabu na Kristo kwa mlango wa Kigiriki, na wengi huyatumia bila kukumbuka kwamba ni neno lile lile.

Kiti cha enzi cha Daudi kilianguka Wababeli walipoiteketeza Yerusalemu katika karne ya 6 KK, na tangu hapo Wayahudi walikaa wakimngojea mpakwa mafuta atakayekirudisha. Hawakumngojea kwa namna moja. Baada ya Pompeyo kuingia Yerusalemu na jeshi la Warumi mwaka 63 KK, wako walioandika zaburi za kumwomba Mungu amwinue mwana wa Daudi awafukuze wageni. Jumuiya ya Qumran, ambayo maandishi yake yalianza kugunduliwa mapangoni kando ya Bahari ya Chumvi mwaka 1947, ilitarajia wapakwa mafuta wawili, mmoja wa ukoo wa Haruni na mmoja wa Israeli. Kitabu cha Henoko, ambacho kimesalia kizima katika Kigeezi cha Ethiopia peke yake, kinamweleza Mwana wa Adamu anayeketi juu ya kiti cha utukufu na kuwahukumu wafalme, akifuata njozi ya nabii Danieli. Katika matarajio hayo yote, la kawaida lilikuwa Masihi mshindi. Masihi atakayekamatwa na kuuawa na wale wale aliotazamiwa kuwafukuza hakuwamo katika hesabu za watu.

Injili ya Marko, ambayo wataalamu wengi wanaiona kuwa ya kwanza kuandikwa, inaanza habari ya Yesu wa Nazareti kwa suala la mamlaka. Katika sinagogi la Kapernaumu watu wanashangaa kwa sababu hafundishi kama waandishi, ambao kila neno lao lilisimama juu ya neno la wazee waliotangulia. Yeye anasema kwa idhini yake mwenyewe. Muda mfupi baadaye anamwambia mtu aliyepooza kwamba dhambi zake zimesamehewa, na waandishi waliokaa pale wananung'unika moyoni. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mdeni husamehewa na mwenye mali, na dhambi ni deni la Mungu. Asiye mwenye mali akifuta deni, ama ni mwizi ama ana uwakala mkubwa kuliko inavyojulikana. Mabishano yote ya karne zilizofuata yamo ndani ya chumba kile cha Kapernaumu.

Yesu mwenyewe hakujitangaza Masihi sokoni. Huko Kaisaria Filipi, Petro alipolitamka neno hilo, aliwakataza wanafunzi wasilieneze, kisha akaanza kuwaeleza kazi yake kwa namna iliyowachukiza: kukataliwa, kuteswa, kuuawa na kufufuka. Alipoulizwa hekaluni ni kwa mamlaka gani anafanya mambo yake, alijibu kwa kuuliza juu ya ubatizo wa Yohana, na waliomuuliza wakashindwa kujibu. Jina alilolipenda lilikuwa Mwana wa Adamu, na kazi aliyoitaja ilikuwa ya kutumika na kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi. Alisulubiwa Yerusalemu chini ya Pontio Pilato, aliyetawala Yudea kati ya mwaka 26 na 36, na kibao cha mashtaka kilimwita mfalme wa Wayahudi. Waswahili husema mjumbe hauawi. Huyu aliuawa, na dini iliyozaliwa baada yake ilidai kwamba kifo hicho ndicho kilichokuwa ujumbe.

Wanafunzi walishuhudia kwamba amefufuka, na mara wakaanza kumwita Bwana, neno ambalo Wayahudi wasomao Maandiko kwa Kigiriki walilitumia mahali pa jina la Mungu. Barua za Paulo, zilizoandikwa zaidi katika miaka ya 50, tayari zinaonyesha watu wakimwomba Kristo na kubatizwa kwa jina lake. Katika barua kwa Wafilipi umo wimbo, ambao wengi wanaona ni wa zamani kuliko barua yenyewe, unaosimulia aliyekuwa katika hali ya Mungu akijishusha mpaka msalabani na kisha kukwezwa juu ya kila jina. Ushahidi wa nje unaafiki. Mnamo mwaka 112 Plinio Mdogo, liwali wa Bithinia na Ponto, alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo wa jimbo lake hukutana alfajiri siku maalumu na kumwimbia Kristo kana kwamba ni mungu. Jambo hili ni la msingi kwa historia yote inayofuata: ibada ilitangulia maelezo. Watu walipiga magoti kwanza, kisha wajukuu wao wakaulizana walikuwa wakimpigia nani magoti.

Karne ya 2 na ya 3 zilijaa majibu. Waebioni, Wakristo wa desturi za Kiyahudi, walimwona Yesu kuwa binadamu mwenye haki aliyeteuliwa. Wengine walikwenda upande wa pili kabisa wakasema mwili wake ulikuwa kivuli tu. Inyasi wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda kuuawa Roma, aliwaandikia watu wa Smirna kuwaonya kwamba aliyeteseka kivuli hawezi kuokoa wanaoteseka kweli. Marsioni alimtenga Kristo na Mungu wa Agano la Kale, na kanisa la Roma likamtoa mwaka 144. Yustino, mwanafalsafa aliyeuawa Roma mnamo 165, alimweleza kwa jina la Neno, ambalo wasomi wa Kigiriki walilijua. Wako waliosema Baba na Mwana ni majina mawili ya Mungu yule yule, na dhidi yao Tertuliani wa Karthago, Mwafrika aliyeandika Kilatini, alibuni msamiati ambao Magharibi wanautumia hadi leo: hali moja, nafsi tatu. Origene wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana anazaliwa na Baba milele bila mwanzo, lakini pia akamweka chini kidogo ya Baba. Wafuasi wake walirithi nusu mbili ambazo hazikukaa pamoja kwa amani.

Ugomvi ulilipuka Aleksandria mnamo mwaka 318. Ario, padri mzee wa kanisa la Baukali, mwenye asili ya Libya, alipinga mahubiri ya askofu wake, Aleksanda. Hoja yake ilikuwa fupi na yenye makali. Mungu ni mmoja na hana chanzo. Mwana ana chanzo, maana amezaliwa. Mwenye chanzo hawezi kuwa sawa na asiye nacho, na kabla ya kuzaliwa hakuwako. Basi Mwana ni kiumbe, ingawa ni wa kwanza na bora kuliko vyote, na kwake vingine viliumbwa. Mamlaka yake ni ya kweli, lakini ni ya kukabidhiwa, kama ya wakili anayeuza shamba kwa niaba ya mwenye shamba. Ario hakukosa mistari ya Biblia ya kumuunga mkono. Kitabu cha Mithali kinaizungumzia Hekima kama ya kwanza katika matendo ya Mungu, na Injili zinamwonyesha Yesu akiona njaa, akilia, akikiri kwamba siku ya mwisho haijui. Vitabu vingi vya kanisa humchora Ario kama mjanja aliyetaka makuu. Picha hiyo inamdhulumu. Alikuwa mtu wa nidhamu kali, mwenye wafuasi wengi, na swali lake lilikuwa swali halisi.

Alijua pia kuwafikia watu. Mafundisho yake aliyatungia nyimbo za mabaharia, wasagaji nafaka na wasafiri, na zikaimbwa bandarini. Sinodi ya maaskofu karibu 100 wa Misri na Libya ilimtenga. Akahama Misri na kupata mlinzi mwenye nguvu, Eusebi, askofu wa Nikomedia, mji alimokaa mfalme wa Mashariki. Hivyo ugomvi wa parokia ukapanda ngazi mpaka ikulu.

Konstantino, mfalme wa Magharibi, alipomshinda Lisinio wa Mashariki mwaka 324 na kuwa mtawala pekee wa dola, alikuta kanisa alilolitegemea limuunganishie watu limepasuka. Alimtuma Hosio, askofu wa Kordoba, kwenda Aleksandria na barua iliyowakemea Aleksanda na Ario kwa kugombania jambo ambalo yeye aliliona dogo. Kwa mtawala anayetaka utulivu lilikuwa dogo kweli. Barua haikufaa kitu, na mwaka 325 Konstantino aliwaita maaskofu wakutane Nikea, mji ulio kando ya ziwa, ambao leo unaitwa Iznik nchini Uturuki. Maaskofu walisafiri kwa gharama ya serikali, wakitumia wanyama na vituo vya posta ya dola. Mapokeo yanawahesabu 318, idadi ya watumishi wa Ibrahimu katika kitabu cha Mwanzo. Eusebi wa Kaisaria, aliyekuwapo, anataja zaidi ya 250. Karibu wote walitoka Mashariki. Askofu wa Roma hakuja, alituma mapadri wawili. Miongoni mwa maaskofu waliofika wamo waliokuwa na makovu ya mateso ya Dioklesiano, yaliyoanza mwaka 303, na sasa walikaa ukumbini na Kaisari aliyevaa dhahabu.

Tatizo la Nikea lilikuwa lugha. Kila usemi wa Biblia uliopendekezwa, wafuasi wa Ario waliukubali na kuufasiri kwa njia yao. Atanasi, aliyekuwa shemasi na mwandishi wa askofu Aleksanda, anasimulia jinsi walivyokonyezana. Akisema mtu kwamba Mwana ametoka kwa Mungu, walijibu kwamba vitu vyote vimetoka kwa Mungu. Mwishowe mtaguso huo wa maaskofu ulichukua neno ambalo halimo katika Biblia, homousios, yaani mwenye umungu ule ule mmoja na Baba, ukaliweka ndani ya kanuni ya imani pamoja na maelezo kwamba Mwana alizaliwa na wala hakuumbwa. Neno lenyewe lilikuwa na sifa mbaya, kwa kuwa inasemekana sinodi ya Antiokia ya mwaka 268 ililikataa ilipomwondoa madarakani Paulo wa Samosata. Eusebi wa Kaisaria alitia sahihi, kisha akawaandikia waumini wake barua ndefu ya kuwatuliza. Maaskofu wawili tu, Sekundo na Theona, wote wa upande wa Libya, walikataa na kufukuzwa pamoja na Ario. Mtaguso ukaendelea na tarehe ya Pasaka, ukatunga sheria 20, ukafungwa.

Yeyote aliyedhani mambo yamekwisha alikosea. Miaka michache baadaye Konstantino alibadilika, akamrudisha kutoka uhamishoni Eusebi wa Nikomedia, naye Eusebi ndiye aliyembatiza mfalme kitandani mwaka 337. Ario naye aliitwa arudi, lakini alifariki ghafla Konstantinopoli mwaka 336, kabla ya kupokewa rasmi. Mzigo wa kuitetea Nikea ulimwangukia Atanasi, aliyekuwa askofu wa Aleksandria tangu 328. Katika miaka 45 ya uaskofu wake alifukuzwa mara 5 na wafalme 4, akakaa nje ya mji wake jumla ya miaka 17 hivi. Hakuwa malaika. Aliwatendea wapinzani wake kwa ukali, na baadhi ya malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini shtaka lililojulikana zaidi liligeuka kichekesho. Walidai amemuua askofu Arsenio na kuukata mkono wake kwa ajili ya uchawi, hata mkono wenyewe ulionyeshwa. Mwaka 335, kwenye sinodi ya Tiro, Atanasi alimleta ukumbini mtu aliyefunikwa joho, akalifunua: alikuwa Arsenio, mzima, na mikono yake yote miwili. Hilo halikumwokoa. Washtaki walikwenda kwa mfalme na dai jipya, kwamba Atanasi anatishia kuzuia meli za nafaka ya Misri zisifike Konstantinopoli. Mtawala husamehe uzushi upesi kuliko njaa mjini mwake, na Atanasi akapelekwa Trier, mpakani mwa Ujerumani ya leo.

Hoja ya Atanasi ilianzia kwenye kazi na kupanda hadi kwenye mamlaka. Binadamu ameharibika na anaelekea kwenye kutokuwako, alisema. Anayeweza kumfanya upya ni yule yule aliyemfanya mwanzoni, kama vile picha iliyochakaa inavyohitaji mwenye sura aje tena akae mbele ya mchoraji. Kiumbe hakiwezi kuwaunganisha viumbe wengine na Mungu, kwa sababu nacho kinahitaji kuunganishwa. Kisha aliongeza hoja ya ibada. Wakristo wamekuwa wakimwomba Kristo tangu mitume. Ikiwa Kristo ni kiumbe, basi kanisa lote limekuwa likiabudu sanamu. Ario aliulinda umoja wa Mungu, naye Atanasi aliulinda wokovu, na kila mmoja alimwona mwenzake anabomoa nyumba.

Moja ya matawi ya ugomvi huu lilifika Afrika Mashariki mapema. Vijana wawili Wakristo wa Tiro, Frumensio na Edesio, walinusurika meli yao iliposhambuliwa katika bandari ya Bahari ya Shamu, wakalelewa katika jumba la mfalme wa Aksum. Frumensio alikwenda Aleksandria kuomba askofu wa kuwatunza Wakristo wa huko, na Atanasi akamweka wakfu yeye mwenyewe. Sarafu za mfalme Ezana, ambazo awali zilikuwa na alama ya mwezi na duara, zikaanza kubeba msalaba. Mnamo mwaka 356 Kaisari Konstansio, aliyekuwa upande wa wapinzani wa Nikea, alimwandikia Ezana akimtaka amrudishe Frumensio Misri akachunguzwe imani na askofu mpya aliyewekwa mahali pa Atanasi. Hakuna dalili kwamba Aksum ilitii. Waethiopia wanamkumbuka Frumensio kama Abba Salama, baba wa amani.

Konstansio alitafuta fomula ya kuwaridhisha wote. Vikaibuka vikundi: wa hali moja, wa hali inayofanana, wa kufanana bila kutaja hali, na wa kutofanana kabisa. Tofauti ya vikundi viwili vya kwanza katika Kigiriki ni herufi moja tu, na wengi tangu hapo wamecheka kwamba dola ilitikisika kwa ajili ya iota. Kicheko hicho ni rahisi mno, maana sahihi na saini bandia nazo huweza kutofautiana kwa nukta. Mwaka 359 mfalme aliwabana maaskofu wa Magharibi na Mashariki, katika mikutano miwili, wakubali fomula isiyo na neno la Nikea. Kwa muda ilionekana Ario ameshinda. Askofu Ulfila, mhubiri wa Wagothi, aliwapelekea watu wake imani ya namna hiyo, na makabila ya Kijerumani yalidumu nayo vizazi vingi.

Waliogeuza mambo ni marafiki na ndugu watatu wa Kapadokia: Basili wa Kaisaria, mdogo wake Gregori wa Nisa, na Gregori wa Nazianzo. Walitenganisha maneno mawili ambayo mpaka hapo yalitumika ovyo, wakasema hali ya Mungu ni moja na nafsi ni tatu. Wengi waliokuwa wakiogopa neno la Nikea waliliona sasa halifuti tofauti ya Baba na Mwana. Gregori wa Nisa alilalamika kwamba Konstantinopoli ukiuliza bei ya mkate au kubadili fedha, unajibiwa kwa hotuba juu ya aliyezaliwa na asiyezaliwa. Teolojia ilikuwa gumzo la sokoni. Tarehe 27 Februari 380 Kaisari Theodosio alitangaza imani ya Nikea kuwa dini halali ya dola, na mwaka 381 maaskofu 150 walikutana Konstantinopoli kuithibitisha. Kanuni inayosaliwa katika misa na ibada nyingi leo, ikiitwa ya Nikea, kwa sehemu kubwa ni ya mtaguso huo wa pili.

Umungu wa Masihi ulipokwisha kuthibitishwa, ubinadamu wake ndio uliopata taabu. Apolinari wa Laodikia, mtetezi hodari wa Nikea, alifundisha kwamba ndani ya Yesu Neno lilichukua nafasi ya akili ya kibinadamu. Gregori wa Nazianzo alimjibu kwa kanuni rahisi: sehemu ya binadamu ambayo Kristo hakuitwaa, hiyo haikuponywa. Ni hoja ile ile ya Atanasi ikirudi kwa mlango wa nyuma. Aliyetumwa anapaswa kuwa na mamlaka ya kuokoa, na pia anapaswa kuwa ndugu wa anaowaokoa.

Mwaka 428 Nestori, mhubiri kutoka Antiokia, alifanywa askofu mkuu wa Konstantinopoli. Aliwakataza watu kumwita Maria Mama wa Mungu bila maelezo; Mungu hazaliwi wala hanyonyeshwi, kwa hiyo afadhali aitwe Mama wa Kristo. Sirili wa Aleksandria aliona hapo Kristo amekatwa vipande viwili, Mungu akikaa ndani ya binadamu kama mpangaji chumbani. Mtaguso uliitishwa Efeso mwaka 431. Sirili aliufungua tarehe 22 Juni bila kuwangoja maaskofu wa Antiokia waliokuwa njiani, akamhukumu Nestori siku hiyo hiyo, na mji ukamshangilia kwa mienge. Waantiokia walipofika siku chache baadaye, walifanya mkutano wao na kumhukumu Sirili. Kilichofuata hakipendezi kusimuliwa katika vitabu vya dini: Sirili alituma ikulu zawadi za dhahabu, mazulia na viti vya pembe, na deni lake likawa kubwa. Mwaka 433 pande mbili zilipatana. Nestori alifia uhamishoni Misri, na kitabu chake cha kujitetea kiligunduliwa katika tafsiri ya Kisiria mwishoni mwa karne ya 19. Wengi waliokisoma wamesema hakufundisha yale aliyohukumiwa kwayo. Kanisa la Mashariki, lililomheshimu, lilienea kutoka Uajemi hadi India na China, na nguzo yake ya mawe ya mwaka 781 bado imesimama Xi'an.

Eutike, mmonaki wa Konstantinopoli, alivuta kamba upande wa pili, akasema baada ya kuungana imebaki asili moja, na mwili wa Kristo si kama wetu. Alihukumiwa mwaka 448, akasafishwa mwaka uliofuata huko Efeso katika mkutano uliojaa fujo, ambao Papa Leo aliuita wa wanyang'anyi. Barua ya Leo, iliyoeleza kila asili ikifanya kazi yake kwa ushirika na nyingine, haikuruhusiwa hata kusomwa. Tarehe 28 Julai 450 Kaisari Theodosio wa Pili alikufa baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Dada yake Pulkeria na mumewe Marsiani walishika dola, na Oktoba 451 maaskofu wapatao 500 walikutana Kalkedonia, ng'ambo ya Konstantinopoli, mahali ambapo leo ni mtaa wa Kadıköy katika jiji la Istanbul.

Tamko la Kalkedonia linamkiri Kristo mmoja, nafsi moja katika asili mbili, bila asili hizo kuvurugika wala kugeuka, na bila kugawanywa wala kutenganishwa. Ukilichunguza, linasema zaidi yale yasiyo kuliko yale yaliyo. Limejenga ua kuizunguka siri na kuacha katikati wazi. Maaskofu wa Misri waliokuwapo waliomba kwa machozi wasitie sahihi, wakisema wakirudi nyumbani watauawa. Hawakutia chumvi: mwaka 457 Proterio, askofu wa Aleksandria aliyewekwa na upande wa Kalkedonia, aliuawa na umati. Wakopti, Waethiopia, Wasiria wa magharibi na Waarmenia walikaa na fomula ya Sirili ya asili moja ya Neno aliyefanyika mwili. Kanisa la Ethiopia limelitia jambo hilo ndani ya jina lake, Tewahedo, yaani kufanywa kitu kimoja.

Dola ilijaribu kuwarudisha kwa mapatano. Jaribio la mwisho, katika karne ya 7, lilikuwa kusema Kristo ana asili mbili lakini nia moja. Maksimo Muungamadini alikataa, akionyesha sala ya Gethsemane: kama Yesu hakuwa na nia ya kibinadamu, utii wake pale bustanini ulikuwa maigizo, na kazi aliyotumwa haikufanywa na binadamu yeyote. Walimkata ulimi na mkono wa kulia, na akafa mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680 na 681 ulimpa haki, bila kumtaja kwa jina. Wakati huo Misri, Siria na Palestina zilikuwa tayari mikononi mwa Waislamu, na Korani nayo inamwita Isa al-Masihi na mjumbe wa Mungu, huku ikikana uwana wake. Swali la Aleksandria lilipata mshiriki mpya, ambaye hakuwa chini ya sheria ya Kaisari.

Baadaye Magharibi iligeuka kutazama zaidi kazi ya Masihi. Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury, alikamilisha mwaka 1098 kitabu chake cha kuuliza kwa nini Mungu alifanyika mtu, akaeleza wokovu kwa lugha ya deni ambalo binadamu anadaiwa, lakini Mungu peke yake ndiye anayeweza kulilipa. Yohane Kalvini, katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, alipanga utume wote wa Kristo chini ya mafuta yale ya kale: nabii, kuhani na mfalme. Mpango huo haukuwa wake mwanzoni. Eusebi wa Kaisaria, yule aliyesaini Nikea kwa shingo upande, alikuwa ameshautaja. Makatekisimu ya Wakatoliki na ya Waprotestanti Afrika Mashariki bado yanafundisha kwa mpangilio huo wa kazi tatu.

Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo wa Sita na Papa Shenouda wa Tatu wa Wakopti walitia sahihi tamko la pamoja la imani yao katika Kristo, Mungu kamili na binadamu kamili, miaka 1,522 baada ya Kalkedonia. Tarehe 11 Novemba 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alifanya vivyo hivyo na Mar Dinkha wa Nne, patriarki wa Kanisa la Mashariki la Waashuru, na kila upande ukakiri kwamba jina ambalo mwenzake anamwitia Maria ni halali. Ilikuwa imepita miaka 1,563 tangu usiku ule wa mienge Efeso. Makanisa hayo mpaka leo hayajarudi katika ushirika kamili wa altare moja.